Lipeni ziwa mgongo: vidokezo 12 vya kutembea na watoto katika misitu ya kale ya Rumonge

Mwambie mtoto wa Magara achore kwao. Atakuchorea mtumbwi, atakuchorea samaki mwenye jicho kubwa kuliko mkia, na pembeni ataweka mchikichi mmoja na jua linalozama Congo. Msitu hatauchora, na si kosa lake. Magara imekaa pale ambapo tambarare ya Imbo imebanwa ikawa ukanda mwembamba: milima ya Mumirwa inakusukuma mgongoni, na Tanganyika inakulamba miguu. Macho ya kila mtu yako magharibi, majini. Hata wageni wa Jumapili wanaotoka Bujumbura huja kuogelea, wakala samaki aina ya mukeke wa kuchoma, wakapiga picha, wakarudi.

Lakini ifuate barabara ileile ya RN3 kwenda kusini. Pita Minago, pita mji wa Rumonge, utakuta misitu iliyokuwapo kabla ya barabara na kabla ya mashamba ya michikichi. Kigwena uko chini kabisa, tambarare, jirani na ziwa. Miti yake ina undugu na ile ya misitu mikubwa ya Congo, utadhani kipande cha msitu kilivuka maji kikasahau kurudi. Kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Rumonge kuna msitu wa miyombo. Ukizidi kupanda utafika Vyanda, na mbele yake Bururi, msitu wa mlimani wenye ukungu na baridi. Yote minne ni misitu ya hifadhi, na hakuna hata mmoja ambao familia haiwezi kuufikia na kurudi siku hiyohiyo.

Basi siku moja lipeni ziwa mgongo. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kutembea na wanangu, mengine kwa raha na mengine kwa kuumwa na siafu.

1. Chagua msitu kwa kutazama miguu midogo kuliko yote

Msafara wa familia huenda kwa mwendo wa kitinda mimba, kwa hiyo anza na yeye.

Akiwa chini ya miaka saba, nendeni Kigwena. Ardhi ni sawa, kivuli ni kizito, na hakuna mlima wa kumliza mtu. Msitu wenyewe ni mdogo, hekta mia kadhaa tu, lakini ukishaingia ndani hutasikia tena honi za magari.

Watoto wa miaka saba na kuendelea wanaiweza miyombo ya Rumonge. Huko kuna miteremko, kuna mawe, na jua linapenya kati ya matawi, hivyo kofia ni lazima. Malipo yake ni kwamba kila mkipumzika na kugeuka nyuma, ziwa lote liko chini yenu limetandikwa kama shuka.

Vyanda na Bururi waachieni wenye miaka kumi na zaidi, tena waliokwisha kuzoea kutembea. Bururi una ukubwa wa hekta 3,300 hivi na uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa liko kwenye mita 770 na kitu. Mtoto aliyetoka Magara akiwa na jasho atatetemeka huko juu. Sweta si pambo.

2. Hesabu saa, usihesabu kilomita

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Nilipanga tutembee kilomita sita Kigwena. Hatujamaliza hata moja, binti yangu alikutana na mstari wa siafu unaokata njia, akachuchumaa. Aliona askari wenye vichwa vikubwa wamesimama pande mbili, taya wazi, huku wadogo wakipita katikati na mizigo yao. Alitaka kujua nani amewapanga, wanakwenda wapi, mkubwa wao ni yupi. Nikamvuta mkono mara tatu. Mara ya nne nikachoka, nikachuchumaa na mimi, hatua mbili nyuma ya mstari.

Tulikaa pale dakika ishirini. Leo hakuna anayekumbuka tulitembea umbali gani, ila siafu wanasimuliwa mpaka leo.

Kwa hiyo sema hivi: tutakuwa ndani saa mbili. Mtoto wa miaka mitano akienda kilomita moja kwa saa moja, amekwenda vizuri. Saa ya kwanza ni ya kwenda popote mtakapofika. Ikiisha, geukeni, hata kama mbele kunaonekana kuzuri. Njia ya kurudi ina uchovu wake, na mtoto wa kubebwa huongezeka uzito kila baada ya mita mia.

3. Tokeni alfajiri, lakini si Jumamosi

Jumamosi asubuhi nchi nzima iko kwenye kazi za jamii. Magari hayaendi huku na huku kama siku nyingine, na kabla ya saa tano utakuwa umekaa kando ya barabara na watoto wanaouliza tutafika lini. Jumapili au sikukuu ni bora. Wanaosali asubuhi wapange mapema, ama wachague siku ya likizo za shule.

Kama mna gari lenu, hakikisheni mafuta mnayo tangu jana yake. Kila aliyekaa Burundi miaka hii ya karibuni anajua foleni za vituo vya mafuta, na si jambo la kugundua mkiwa mmeshafika Minago. Kama mnapanda teksi ya probox au basi dogo, mwambieni dereva mapema mtashukia wapi, mpatane pia habari ya kurudi. Jioni magari hupungua, na huku kwetu jua halina ubishi: saa kumi na mbili linazama, robo saa baadaye ni giza. Ikifika saa tisa muwe mmeshatoka msituni.

4. Pigeni hodi

Msitu hauna mlango, lakini una mwenyewe. Hifadhi hizi ziko chini ya OBPE, ofisi ya taifa inayolinda mazingira, ambayo wazee bado wanaiita INECN kwa jina lake la zamani. Ulizia ofisi yao Rumonge, jitambulishe, lipa kinachotakiwa, chukua risiti, na uombe mlinzi wa kufuatana nanyi.

Usione ni gharama ya bure. Njia za humo hazina vibao vya kila kona, na nyingine ni za wakata kuni, haziendi popote. Mlinzi anajua kijito gani kimejaa wiki hii, nyani wamelala upande gani na mti gani unadondosha matawi. Halafu kuna jingine: watoto humsikiliza mgeni kuliko baba yao.

Mkikutana naye, watoto wasalimie kwanza. “Amahoro” moja ya Kirundi kutoka kwa mtoto hufungua mambo mengi. Kisha mwombe awafundishe majina matatu ya miti kwa Kirundi. Matatu tu. Ukidai kumi hawatashika hata moja. Mtoto akishajua jina la mti, safari nyingine atausalimia kama jirani.

5. Vaa kama unakwenda shamba

Zile nguo nyeupe za picha zibaki nyumbani. Suruali ndefu, soksi ndefu, na suruali iingizwe ndani ya soksi. Ndiyo, mtaonekana vituko. Lakini siafu hupanda kimyakimya, wakafika juu, ndipo wanauma wote kwa pamoja kama waliopewa amri. Nimemwona mtu mzima mwenye heshima zake akivua suruali mbele ya shemeji zake. Msingoje kufika huko.

Kandambili haziingii msituni. Raba iliyochakaa inatosha, mradi soli yake bado ina meno. Wakati wa mvua buti za mpira zinafaa zaidi. Mikono mirefu inasaidia dhidi ya mbu, maana ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima. Mtoto akipata homa siku au wiki chache baada ya safari, mpeleke kituo cha afya akapimwe, usimpe vidonge vya kubahatisha.

Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa kitenge. Kigari cha kusukuma hakifiki popote.

6. Funga chakula kisichonukia na kisichoacha takataka

Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi, maandazi. Vinashibisha, havimwagiki, na maganda yake si aibu. Maji yawe mengi kuliko unavyodhani: chupa ya nusu lita kwa kila mtoto kwa kila saa, na moja ya akiba mnayoisahau makusudi chini ya mfuko.

Mfuko wenyewe uwe wa kitambaa au kikapu. Burundi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya mwaka 2018, na msituni kuna sababu ya pili: nyani akishajifunza kwamba mfuko maana yake ni chakula, hatausahau ujuzi huo, na atakayenyang’anywa ni mtoto wa familia itakayofuata.

Kuleni kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Mkilazimika kula ndani, kaeni mahali pa wazi, mle upesi, na kila kilichoingia na nyinyi kitoke na nyinyi. Ganda la ndizi pia. Najua linaoza. Toka nalo.

7. Jua kila majira yanakupa nini

Watu huuliza: twende lini? Jibu la haraka ni kiangazi, kati ya Juni na Septemba, wakati njia ni kavu na vijito ni vya kuruka. Lakini msitu wa kale una zawadi nyingine kila majira, na miyombo ndiyo yenye vituko kupita yote.

Mwisho wa kiangazi, jua likiwa kali, tulieni kimya chini ya miyombo. Mtasikia “pa!” juu, kisha “pa!” nyingine mbali kidogo. Hakuna anayewatupia mawe. Ni maganda ya mbegu. Yakikauka sana, pande mbili za ganda hujisokota kila moja kwa upande wake mpaka linapasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali na mama yake. Okota ganda lililopasuka, mpe mtoto ajaribu kulinyoosha. Hataweza. Hapo ameshaelewa mti unavyosafiri bila miguu.

Karibu na Septemba, kabla mvua haijanyesha, miyombo huota majani mapya, na hayaoti kijani. Huja mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama divai, kilima kizima kikaonekana kama kinaungua bila moshi. Baada ya muda mfupi rangi hiyo inageuka kijani. Watoto waliofundishwa shule kwamba majani ni ya kijani watakuwa na la kumwambia mwalimu.

Mvua zikishika, ni zamu ya uyoga. Miyombo na uyoga ni washirika: nyuzi za uyoga huishika mizizi chini ya udongo, zikaipa maji na madini, na mti ukazilipa sukari. Ndiyo maana ukikata miyombo, uyoga ule nao hupotea. Kina mama wa vilimani wanaujua uyoga wa kuliwa mmoja mmoja. Wewe na mimi hatuujui. Tazameni, chuchumaeni, msiguse, na uyoga wa chakula cha jioni mnunue kwa anayeujua.

Onyo la masika: radi ikianza kunguruma, tokeni. Msijifiche chini ya mti mrefu, na msivuke kijito kilichobadilika rangi.

8. Wape kazi, si hotuba

Mtoto asiye na kazi huuliza “bado?” kila baada ya hatua kumi. Mwenye kazi husahau kuchoka. Sisi huandika orodha kwenye karatasi kabla ya kutoka, na kila mtoto anakuwa na yake. Ya Kigwena ilikuwa hivi:

Jani kubwa kuliko uso wako. Tunda lililotafunwa nusu na kutupwa. Unyoya. Mti unaoubana mti mwingine. Sauti tatu tofauti, moja ya mdudu. Nyayo zisizo za mtu. Kitu chenye harufu ambayo huwezi kuieleza.

Hakuna kuchuma wala kubeba. Ukikipata unakichora, au unamwita shahidi. Mwisho tunahesabu, na anayeshinda ndiye anachagua samaki wake wa kwanza jioni.

Mkipumzika, tegeaneni vitendawili, lakini vipya, vya kutunga palepale. Mwanangu wa kati alituweka muda mrefu na hiki: “Mzee wangu ana mikono mia, hajawahi kumkumbatia mtu.” Mti, bila shaka. Dadake akabisha kuwa umekwisha kumkumbatia mwenzake, akaonyesha ule wa kwenye orodha, ulioubana mwenzake mpaka shina lake halionekani. Ubishi huo ulitufikisha mpaka barabarani bila mtu kulia.

9. Nyani ni wa kutazamwa, sokwe ni wa kuachiwa nafasi

Kigwena mtaona nyani, tumbili na kima. Sheria ni nne: msiwape chakula, msiwakazie macho, msisimame kati ya mama na mwanawe, na msikimbie. Nyani akisogea, kusanyikeni, watoto katikati, rudini nyuma taratibu.

Sokwe ni habari nyingine. Wapo katika misitu ya juu, Vyanda na Bururi, wachache na wenye haya, na familia nyingi hurudi bila kuwaona. Waambieni watoto mapema ili wasidai. Mkibahatika, kaeni mbali. Sokwe wanashikwa na mafua na vikohozi vyetu, na ugonjwa unaomlaza mtoto wako siku mbili unaweza kumuua sokwe. Mwenye mafua abaki nyumbani na bibi yake, hata akilia.

Msipowaona, tafuteni kichuguu mkae karibu nacho, kisha simulieni hii. Shukeni na pwani hii hii ya ziwa, vukeni mpaka wa Tanzania, mtafika Gombe, kaskazini ya Kigoma. Julai 1960 alifika hapo msichana Mwingereza aitwaye Jane Goodall. Miezi michache baadaye alimwona sokwe amekaa kwenye kichuguu, ameshika unyasi. Anautumbukiza kwenye tundu, anasubiri, anautoa umejaa mchwa waliouma kwa hasira, anawala. Wakati huo wataalamu waliamini ni binadamu peke yake anayetengeneza na kutumia chombo. Unyasi mmoja ukawatia wasiwasi. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na vichuguu bado viko.

10. Watafutie mnyama mdogo wa kumpenda

Kila mtoto huja akitaka simba. Simba hayupo. Mpe chura.

Mwaka 1949 katika misitu ya Bururi alionekana chura mdogo mweusi mwenye vidoa vya samawati, na dume lake lina kidole kimoja kirefu kupita kiasi. Baada ya hapo, kimya. Vita vikapita, miti ikakatwa, watu wakamhesabu kuwa huenda ametoweka. Desemba 2011 watafiti wawili, David Blackburn na Eli Greenbaum, walikwenda Bururi kumtafuta. Walimtafuta usiku kwa masikio, wakamkuta, miaka 62 baada ya kuonekana mara ya mwisho. Hajatoka kwao. Hakuna aliyekuwa amemtafuta vizuri.

Simulia hivyo, kisha waambie watoto wafumbe macho na wanyamaze dakika moja. Wangu huwa wanaweza sekunde arobaini. Lakini katika sekunde arobaini hizo, kila mmoja anaamini kwamba mlio anaousikia ni wa kitu kilichosubiri miaka 62 kisikilizwe na yeye.

11. Baada ya msitu watataka kuoga ziwani: kuwa mkali hapo

Wametoka jasho, wana vumbi, na maji hayo pale. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ya pili duniani baada ya Baikal, lakini hatari ya mtoto haiko huko chini. Iko ukingoni.

Penye matete na maji yaliyotulia kuna konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono vikapenya ngozi bila maumivu. Sehemu ya mchanga safi, yenye mawimbi, isiyo na majani, ina nafuu, ila nafuu si usalama kamili. Aliyeoga, hasa mtoto, akapimwe baadaye.

Viboko na mamba nao wapo. Hapa Magara hakuna mtu mzima asiyejua habari za Gustave, mamba aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, akakadiriwa kuwa na urefu wa mita sita, akatangatanga kati ya mdomo wa Ruzizi na pwani hii ya Rumonge. Waliotaka kumnasa walishindwa, na mwaka 2004 ikatoka filamu ya jaribio hilo. Mamba wa kawaida wasio na filamu wanauma vilevile. Waulizeni wavuvi wa pale leo, si wa mwaka jana, maana maji yaliyopanda miaka hii yamemeza fukwe nyingi na kuhamisha kila kitu. Jioni ikianza, watoto watoke majini wote.

12. Malizeni kwa kitu cha moto, kisha semeni ukweli

Mkirudi, simameni kwenye kinu cha mawese. Vipo vingi kuanzia Rumonge. Watoto waone chikichi zinavyochemshwa kwenye pipa, zinavyopondwa na kukamuliwa, mafuta mekundu yakielea juu na mise, yaani kokwa zake, zikitupwa kando zikauke. Kisha mezani: mukeke wa makaa, ndizi, lengalenga iliyotiwa mawese yaleyale. Usiku ukiwa wa giza, usio na mwezi, mtaona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji ulioota juu ya maji.

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Mchikichi unatulisha Rumonge, na mashamba yake ndiyo yaliyokula sehemu kubwa ya msitu wa tambarare. Mkaa uliochoma samaki huyu ulikuwa mti. Mtoto anaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja: kushukuru chakula na kujua bei yake. Msimfiche.

Mwambieni pia kwamba kuacha mti usimame si jambo la kuletewa na wageni. Mababu wa Burundi walikuwa na vigabiro, mahali pa makao ya zamani ya wafalme na watemi, ambapo fito za mivumu zilizojenga ua zilichipua zikawa miti mikubwa, na hakuna aliyethubutu kuikata. Wamijikenda wa pwani ya Kenya walizitunza kaya zao ndani ya misitu, na mwaka 2008 dunia ikaziandika katika urithi wake. Ni desturi yetu. Tumeisahau kidogo tu, na kinachosahaulika watoto hawakijui.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, Jumapili hii usiseme “tutaenda siku moja”. Chemsha viazi Jumamosi jioni, tafuta soksi ndefu, mpigie shangazi yao aje naye, maana jicho la pili linahitajika. Na wiki moja baada ya kurudi, mpe mtoto karatasi umwambie achore kwao. Ukiona mti umeingia kwenye picha, hata kama ni mdogo kuliko samaki, safari ilifika.